Watoto 15, rangi nne na lupango moja

Swali la mama mmoja wa Kampemba, Lubumbashi: "Mwalimu, binti yangu anatimiza miaka minane mwezi wa Agosti. Ameona kwenye simu watoto wakifanya sherehe ya kupaka rangi, na sasa hataki kusikia kitu kingine. Nimealika watoto 15, wa miaka minne hadi kumi na mmoja, hapa kwenye lupango yetu, yaani uwanja wa nyumba. Nina dola 60 za rangi na karatasi. Keki na vinywaji viko pembeni. Jirani ana makopo yaliyobaki alipopaka geti lake, anataka kutupatia bure. Dada yangu anasema tumlipe mtu achore simba mzuri, watoto wote wamfuatishe, na anayempata vizuri zaidi apewe zawadi. Mume wangu yeye anaogopa kuta zake tu. Nipange vipi?"

Mama, hongera kwa binti, na asante kwa kuuliza mapema. Nitaanza na makopo ya jirani, kwa sababu mengine yote yanaweza kurekebishwa siku yenyewe ila hilo.

Mshukuru jirani na umwachie makopo yake. Rangi ya geti ni rangi ya mafuta, na rangi za mafuta za aina hiyo, hasa za njano, nyekundu na machungwa, bado mara nyingi zina madini ya risasi, ama kwenye rangi yenyewe ama kwenye dawa ya kuikausha haraka. Nyingine hazina, lakini kwa macho huwezi kujua, na kopo lililokaa mwaka mzima nyuma ya nyumba kwa kawaida halina hata karatasi ya maelezo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mwili wa mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima kwa kiasi kile kile kilichomezwa. Mtoto wa miaka minne hatakunywa rangi, ni kweli. Ataipaka, atajifuta kwenye kaptula, halafu atachukua keki kwa vidole vile vile. Na kuna jambo la pili: rangi hiyo haitoki kwa maji. Utajikuta unasugua mikono ya watoto wa watu kwa esanse (petroli) au tapentaini, ngozi iwake na mvuke uwaingie puani. Sherehe haitaki hivyo.

Kuna pia wanaofikiria rangi ya ukuta, ile ya kuchanganywa na maji. Haina ubaya wa ile ya geti, lakini ina dawa za kuzuia ukungu na haikutengenezwa kwa ngozi ya mtoto. Iache kwenye kuta.

Unachotafuta ni guashi ya shule, rangi nzito ya maji, ya chupa. Soma chupa kabla ya kulipa: ikiwa imeandikwa "lavable", itatoka kwenye nguo kwa sabuni na maji. Ikiwa imeandikwa "acrylique", irudishe. Akriliki ni nzuri kwa mchoraji, ila ikishakauka kwenye gauni la Jumapili imekaa hapo moja kwa moja, na wewe ndiye utakayepigiwa simu na mama mwenye gauni. Kwa watoto 15 nunua nusu lita ya nyekundu, nusu lita ya buluu, na lita moja moja ya njano na nyeupe. Njano na nyeupe huisha kwanza, siku zote, kwa sababu tone moja la buluu linatosha kuimeza njano ya kikombe kizima. Usinunue kijani, machungwa wala zambarau. Watoto watazitengeneza wenyewe, na hiyo ni nusu ya raha yao. Nyeusi nunua kichupa kidogo, nitakuambia kwa nini.

Pesa nyingine iweke kwenye brashi kabla ya kufikiria karatasi. Brashi ya bei rahisi kabisa huacha nywele kwenye rangi, na mtoto hukasirika bila kujua kinachomkasirisha. Chukua bapa, zenye upana wa sentimeta moja hadi mbili, mti wake mnene. Vibrashi vyembamba vya kuchorea macho ya sanamu waachie watu wazima. Karatasi ya kawaida ya ofisi, ya gramu 80, inajikunja na kutoboka ikishika maji. Ya gramu 200 inavumilia. Lakini ukitaka ushauri wangu wa kweli, nenda kwenye maduka ya jumla na uombe maboksi. Kata vipande vya sentimeta 30 kwa 40, upande usio na maandishi ndio wa kupaka. Rangi ya kahawia ya boksi ni nzuri mno chini ya nyeupe na njano, kuliko karatasi nyeupe inayomtisha mtoto. Wala usione haya kwamba ni boksi. Hapa hapa Lubumbashi, miaka ya 1970, wachoraji kama Tshibumba Kanda-Matulu walipaka historia ya nchi nzima kwenye kitambaa cha magunia ya unga. Siku hizi magunia mengi ni ya plastiki iliyofumwa, rangi ya maji inateleza juu yake, ndiyo maana nasema boksi.

Sasa wale wadogo, wa miaka minne na mitano. Hao usiwape guashi ya chupa kwanza, wapikie rangi. Chukua kikombe kimoja cha unga wa ngano, ukoroge na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Mimina vikombe viwili vya maji ya moto huku unakoroga, weka kwenye moto mdogo kama unaanza kupika uji, na uondoe unapokuwa mzito na kuanza kung'aa. Tia kijiko cha chumvi ili usioze haraka. Ukishapoa gawa kwenye mabakuli, kila bakuli na rangi ya chakula ya aina yake, na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ili itoke vizuri kwenye nguo. Ni rangi ya vidole. Inateleza, haidondoki, na mtoto akiilamba atakunja uso tu kwa ajili ya chumvi na sabuni. Kama sherehe ni Jumamosi, uipike Ijumaa jioni. Kufikia Jumatatu itakuwa inanuka. Kama kuna mtoto ambaye ngano humdhuru, tumia wanga wa muhogo; unanata zaidi kidogo, lakini kazi ni ile ile.

Najua mtu atakuambia: si tutumie udongo wa hapa, mwekundu, wa kichuguu, na makaa kwa nyeusi? Ni wazo zuri sana mahali pengine. Makaa sina tatizo nayo, yakisagwa na mtu mzima. Lakini udongo wa Lubumbashi unategemea umeuchukua wapi. Karibu na kiwanda cha kuyeyushia shaba na kile kilima cheusi cha mabaki yake, udongo una shaba, kobalti, risasi, aseniki na kadmiamu kwa wingi, urithi wa moshi wa miaka mingi, na upepo wa kiangazi haujui mipaka ya mitaa. Sichukui udongo mjini kwa ajili ya mikono ya watoto. Na malakiti, yale mawe ya kijani yanayouzwa kama mapambo, hata mtoto akikuomba vipi, yasisagwe. Yanapendeza yakiwa mkufu. Unga wake ni sumu ya shaba, puani na tumboni.

Tuje kwa simba wa dada yako. Hapo ndipo sikubaliani naye, na nitaeleza kwa urefu.

Sherehe ambapo watu wote wanafuatisha picha moja hatua kwa hatua imebuniwa kwa watu wazima wanaotaka kwenda nyumbani na kitu cha kutundika. Watu wazima wanacheka simba wao akitoka kama mbuzi. Mtoto wa miaka tisa hacheki. Yeye anatazama simba wa mbele, anatazama wa jirani, anatazama wake, na anafunga mdomo. Katika watoto 15 utapata wawili walioridhika na 13 walioshindwa kwenye sherehe ya rafiki yao. Na zawadi ya "aliyempata vizuri zaidi" inatia chumvi kwenye kidonda. Walioshinda wataipokea, ndiyo. Wengine watasema "mimi sijui kuchora", na sentensi hiyo watu huibeba mpaka uzeeni. Nakutana nayo kila wiki, kwa baba wenye mvi.

Tena, mji huu una mfano wake, hatuhitaji kuutafuta kwenye simu. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyokuja kujulikana kama Hangar. Hakuwawekea wanafunzi wake picha za Ulaya za kufuatisha. Aliwapa rangi na karatasi, akawaacha wapake wanavyoviona wao vitu wanavyovijua: samaki, ndege, nyoka, majani, uwindaji. Alifariki mwaka 1954, na kwa miaka hiyo michache walitoka watu ambao kazi zao bado zinatambulika ukiziona kwa mbali. Ninachotaka uone ni namna walivyotofautiana. Bela alipaka kwa vidole, alama ya kidole baada ya alama ya kidole, mpaka mnyama anatokea. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa vistari vifupi vilivyolala pamoja, kama mtu anayesuka mkeka. Pilipili Mulongoy alipenda samaki na ndege, na nyuma yao hakuacha nafasi tupu: nukta na alama ndogo ndogo zimejaa pande zote. Karakana moja, mwalimu mmoja, mikono mitatu isiyofanana hata kidogo.

Kwa hiyo, badala ya simba mmoja, weka meza tatu. Meza ya vidole, meza ya vistari, meza ya nukta. Kabla ya kuanza waonyeshe kwenye simu picha moja ya kila mmoja wa hao watatu, dakika tano si zaidi, na uwaulize tu: huyu alitumia nini? Wataona wenyewe. Kisha kazi ni moja kwa wote: kila mtu apake kiumbe kimoja anachokifahamu. Mbwa wa nyumbani, kuku wa bibi, samaki, mjusi wa ukutani, hata mbu. Usiseme "chora unachotaka". Mtoto aliyeambiwa hivyo hukaa dakika kumi akitazama hewa, au huchora nyumba ile ile na jua lile lile la pembeni. Mpe mpaka mmoja, uhuru atauona mwenyewe.

Wadogo waweke meza ya vidole, pamoja na uji wao wa rangi na mtu mzima au dada mkubwa wa kukaa nao. Kwa umri huo mtu mmoja kwa watoto wanne au watano ndiyo kiasi. Wakubwa wagawanye meza mbili. Meza ya vistari ina brashi bapa na vipande vya boksi vya upana wa vidole viwili: unachovya ukingo, unagonga karatasi, mstari umepatikana. Meza ya nukta ina vijiti vya masikio na penseli zenye kifutio nyuma. Kifutio kinapiga nukta safi kuliko brashi yoyote. Mnyama apakwe kwanza, mkubwa, aguse karibu kingo za karatasi, kisha nyuma yake pajazwe. Wasisitizie ukubwa. Mnyama mdogo katikati ya boksi hupotea, na mtoto hana nafasi ya kufanyia kazi. Akitaka kuhama meza katikati, ahame na boksi lake. Samaki wa vistari mwenye maji ya nukta hajavunja sheria yoyote.

Rangi zitoe kwa zamu. Hili ni dogo lakini ndilo linalookoa siku. Ukiweka rangi zote mezani tangu mwanzo, baada ya robo saa kila kikombe kina rangi ya matope. Anza na njano na buluu peke yake. Subiri mpaka mtoto wa kwanza apige kelele kwamba amepata kijani, maana atapiga, na wengine wote watataka chao. Baada ya dakika kumi leta nyekundu. Kisha nyeupe, wajue namna ya kufanya buluu iwe ya anga na nyekundu iwe ya ufizi. Nyeusi ibaki mfukoni mwako hadi mwisho, na uitoe kwa kijiti, tone moja kwa jicho au makucha. Nimeona picha nyingi nzuri zikifa kwa nyeusi iliyokuja mapema. Kila kikombe kiwe na brashi yake isiyohama; ya njano hasa, ilinde.

Mpangilio wa lupango: Agosti hakuna mvua, ila kuna vumbi na upepo, na jua la saa sita hukausha rangi kwenye kikombe kabla haijafika kwenye boksi. Anza saa tatu au saa nne asubuhi, chini ya mti kama mnao. Meza si lazima; mlango wa zamani juu ya matofali ni meza, na wadogo wakae chini kwenye turubai. Vikombe vya maji na rangi vinapinduka, hilo lisahau kulizuia kwa maneno. Chukua matofali ya saruji yenye matundu, weka mawili mawili katikati ya kila meza, vikombe viingie kwenye matundu. Havipinduki hata meza ikigongwa. Maboksi yabanwe na vibanio vya nguo au jiwe kwenye pembe. Na maji yachotwe Ijumaa, mabidoni (madumu) manne au matano, usitegemee bomba asubuhi ya sherehe. Beseni moja la sabuni, moja la kusuuza, kitambaa kwenye kamba, vyote viwekwe kati ya meza za rangi na mahali pa chakula ili hakuna anayefika kwenye keki bila kupita hapo.

Kuhusu nguo: waambie wazazi mapema watoto waje na nguo za nyumbani. Hawatakusikia wote, ni sherehe, wengine watakuja na viatu vyeupe. Kusanya mashati ya zamani ya Papa wa nyumba, yaani mumeo, yavaliwe kinyume, vifungo mgongoni, mikono ikunjwe. Na kuta zake? Meza ziwe mbali nazo mita tatu, na uweke boksi moja kubwa la friji, lililofunguliwa, limeegemezwa mahali wazi. Hilo ni la yeyote aliyemaliza kabla ya wenzake. Mtoto wa miaka minne humaliza kwa dakika saba au nane na kutafuta cha kufanya na mikono yenye rangi. Akiwa na ukuta wake mwenyewe wa kuchafua, wa Papa haumvutii.

Muda: kupaka kusizidi saa moja kwa wakubwa, nusu saa kwa wadogo, halafu michezo mbali na meza wakati picha zinakauka. Chakula na keki baadaye, kamwe si kabla. Mtoto aliyeshiba keki na soda harudi mezani kwa utulivu.

Neno kwa mashangazi na mama watakaosimama nyuma ya watoto, maana watasimama. Waombe mambo mawili. Wasiguse brashi ya mtoto "kumsaidia kidogo". Mkia wa ng'ombe uliorekebishwa na tantine si wa mtoto tena, na yeye anajua. Na wasiulize "hii ni nini?" Swali hilo linamwambia mtoto kwamba hakieleweki. Waseme "niambie habari zake", wataambiwa habari ndefu. Yule atakayekuja kwako na machozi kwamba ameharibu, usimpe boksi jipya haraka. Muulize doa lile linaweza kuwa nini: jani, jiwe, mtoto wa yule mnyama? Akikataa kabisa, basi geuza boksi upande wa pili.

Zawadi ya mshindi iondoe. Pesa yake nunua kamba na vibanio vya ziada. Picha zote zitundikwe kwenye kamba ya nguo kwa urefu mmoja, jina na umri wa mwenye picha vikiwa nyuma, na binti yako awe ndiye anayewatembeza wageni kutoka picha hadi picha huku kila mwenye kazi akisema mnyama wake anaitwa nani. Kwa watoto 15 ni kama dakika kumi, na ndiyo wakati mzuri wa wazazi waliokuja kuchukua watoto wao kufika. Kila mmoja anaondoka na boksi lake. Guashi iliyopakwa nzito inaweza kuwa bado mbichi ndani hata ikionekana kavu juu, kwa hiyo yabebwe yakiwa wazi, yasikunjwe wala kubandikwa moja juu ya jingine.

Brashi zioshe siku hiyo hiyo, kabla hujakaa kupumzika, kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, uzilaze. Zikisimamishwa kwa nywele ndani ya kikombe usiku kucha zinapinda na hazinyooki. Guashi iliyobaki safi kwenye chupa itakaa hadi sherehe nyingine. Iliyochanganyika kwenye vikombe usiirudishe chupani. Uji wa rangi uliobaki umwage kwenye shimo la takataka, si kwenye bomba la maji machafu, kwa sababu unga ule unaganda humo ndani kama bukari (ugali) ya jana.